Mwongozo Kamili wa Kujifunza Hisabati ya Chuo kwa Mazoezi ya Mtandaoni

Mwanafunzi anayeanza shahada ya uhandisi, uchumi, takwimu au sayansi ya kompyuta hukutana na kalkulasi tangu muhula wa kwanza, na mara nyingi hukutana nayo katika ukumbi wenye mamia ya wenzake, ambamo mhadhiri hana namna ya kupitia daftari la kila mmoja. Mazoezi ya mtandaoni yanaweza kuliziba pengo hilo, kwa kuwa yanasahihisha papo hapo, hayachoki, na ukikosea yanakupa swali la aina ileile lenye namba nyingine. Hata hivyo, katika muda niliokaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye semina, nimewaona waliomaliza mamia ya maswali kwenye simu zao na bado wakaingia kwenye mtihani wa marudio, ule ambao vyuoni tunauita sapu. Walikuwa na bidii ya kutosha. Skrini iliwaambia kwamba jibu ni sahihi, nao wakaelewa kwamba imewaambia wanajua. Utaratibu ninaoueleza hapa unalenga kutenganisha mambo hayo mawili, na nimeuandika nikimfikiria mtu anayejifunza kalkulasi ya mwanzo, ingawa unafaa pia kwa aljebra ya matriki na takwimu.

Hatua ya kwanza: pima aljebra yako kabla ya kugusa kalkulasi

Wengi wanaoniambia kwamba kalkulasi imewashinda, nikiketi nao na karatasi, naona kwamba wameshindwa na aljebra. Chukua mfano wa kutafuta derivativu ya x², yaani kasi ambayo x² inabadilika x inapobadilika, kutokana na maana yake ya msingi. Mwanafunzi anaandika ((x + h)² − x²)/h, anajua vizuri kwamba h inatakiwa kukaribia sifuri, kisha anafungua mabano na kuandika x² + h². Vipande viwili vya x² vinafutana, inabaki h²/h, yaani h, na h ikikaribia sifuri jibu linakuwa 0. Dhana ya kikomo ameielewa, hatua zake zimepangika, na bado amepata 0 mahali pa 2x kwa sababu aliiacha 2xh alipofungua mabano. Hata akiangalia video kumi kuhusu derivativu, kosa hilo halitaondoka, kwa sababu halipo kwenye derivativu.

Kwa hiyo, kabla ya mihadhara kushika kasi, tenga saa mbili kwa ajili ya kujipima. Khan Academy, tovuti ya bure ya masomo na mazoezi, ina mtihani wa kozi nzima mwishoni mwa kozi zake za Algebra 2 na Precalculus, na mtihani huo unaweza kuufanya hata kama hukusoma masomo yaliyoutangulia. Ufanye kwa kalamu na karatasi, bila kikokotoo pale ambapo hakihitajiki, bila kufungua vidokezo, na bila kumwomba mtu msaada. Alama utakazopata hazina umuhimu mkubwa. Kinachotakiwa ni orodha ya mada ulizokosea, na mara nyingi orodha hiyo huangukia kwenye maeneo yaleyale: sehemu zenye herufi, vipeo hasi na vipeo vya sehemu, logi, kufungua mabano, na trigonometria.

Ipe orodha hiyo wiki mbili za kazi ya kila siku. Najua inauma kurudia mambo ya kidato cha tatu ukiwa na kitambulisho cha chuo mfukoni, na wapo wanaoona aibu wenzao wakiwaona. Nakusihi uyavumilie. Anayejua bila kusita kwamba 1/(x + 2) haigawanyiki kuwa 1/x + 1/2 ataokoa muda mwingi zaidi muhula mzima kuliko aliyetangulia sura mbili mbele. Ukiwa na shaka na kanuni kama hiyo, weka namba na uone: x ikiwa 2, upande wa kwanza unatoa robo na wa pili unatoa moja kamili.

Hatua ya pili: chagua mahali pawili, usizidishe

Maeneo ya bure ni mengi kiasi kwamba kuyachagua kunaweza kula muda wa kusoma. Ninapendekeza mahali pamoja pa kufanyia mazoezi yanayosahihishwa na mashine, na pengine pamoja pa kusomea majibu yaliyofafanuliwa hatua kwa hatua.

Kwa mazoezi yanayosahihishwa, Khan Academy inafaa kwa anayeanza, kwa sababu imepanga mada kwa vipande vidogo. MyOpenMath ni ya bure pia, ina kozi za kujisomea mwenyewe, na maswali yake yako karibu zaidi na ya chuo. Namba hubadilika kila unapoomba swali jingine la aina hiyo. Kama chuo chako kina mfumo wake, anza na huo kabla ya kwenda mbali. Nchini Kenya, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Maseno kimekuwa kikitumia mfumo wa STACK, ambao hufanya kazi ndani ya Moodle, jukwaa la kozi za mtandaoni linalotumiwa na vyuo, na husahihisha kwa kutumia programu ya aljebra iitwayo Maxima. Faida yake ni kwamba mashine hailinganishi jibu lako na jibu lililohifadhiwa herufi kwa herufi. Inachunguza kama yana thamani moja kihisabati, hivyo 3 + x na x + 3 yanapokelewa sawa, na mtunga swali anaweza kuweka maelezo yanayotokea pale tu unapofanya kosa fulani linalojulikana.

Kwa majibu yaliyofafanuliwa, napenda kurasa za hisabati za Paul Dawkins wa Chuo Kikuu cha Lamar, Texas, ambazo hazidai usajili, ni nyepesi kufunguka kwenye simu, na zinaweza kupakuliwa kama faili za PDF. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, nayo imeweka wazi kozi yake ya kalkulasi ya kigezo kimoja, pamoja na seti za maswali, mitihani na majibu. Maswali yake ni magumu, kwa hiyo yaache hadi utakapokuwa umesimama imara.

Aliye mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha asikate tamaa. Programu ya Kolibri iliundwa kwa ajili ya mazingira hayo: masomo na mazoezi ya Khan Academy hupakuliwa mara moja kwenye kompyuta moja, kisha simu na kompyuta nyingine za hapohapo huyatumia bila intaneti. Kikundi cha wanafunzi chenye kompyuta moja ya mkononi kinaweza kujiwekea.

Jambo moja la kuangalia ni mpangilio wa mada. Tovuti hizi nyingi zinafuata utaratibu wa vyuo vya Marekani, na mhadhiri wako huenda akaanza na seti, mantiki au namba changamano. Fuata muhtasari wa kozi yako, na kila wiki utafute mada husika kwenye tovuti. Usiufuate mpangilio wa tovuti ukauacha wa darasani.

Hatua ya tatu: jifunze kusoma amri za swali

Sehemu kubwa ya mazoezi haya iko kwa Kiingereza, na hata mtu aliyesoma sekondari kwa Kiingereza anaweza kupoteza alama kwa sababu ya kitenzi kimoja mwanzoni mwa swali. Neno "simplify" linakutaka uandike usemi uleule kwa umbo fupi. Halikuambii utafute x. Neno "solve" ndilo linalotaka thamani za x. "Evaluate" linataka namba moja mwishoni, baada ya kuweka thamani iliyotolewa. "Factor" linataka jibu liwe zao la vitu viwili au zaidi, hivyo ukiandika x² − 9 mahali pa (x − 3)(x + 3) utahesabiwa umekosa ingawa thamani ni ileile. Ukikuta "exact value", mashine haitaki 0.707, inataka kipeuo cha pili cha 2 kikigawanywa kwa 2.

Tengeneza ukurasa mmoja wa maneno haya mwanzoni mwa daftari, na maana yake uiandike kwa Kiswahili chako mwenyewe. Nimeona wanafunzi wakiacha kuogopa maswali ya maneno matupu baada tu ya kuanza kuyaeleza kwa Kiswahili kabla ya kuandika mlinganyo. Chukua swali la mfugaji mwenye uzio wa mita 60 anayetaka zizi la mstatili lililo kubwa kadiri iwezekanavyo, upande mmoja ukiwa ni ukuta uliopo tayari. Ukilisema kwa lugha unayoiota, utaona upesi kwamba uzio unatumika pande tatu tu. Pande mbili zinazotoka ukutani ziwe x, ule wa mbele unabaki 60 − 2x, na eneo ni x(60 − 2x). Derivativu yake ni 60 − 4x, inakuwa sifuri x ikiwa 15, na zizi linapata mita za mraba 450. Hesabu yenyewe ni mistari mitatu. Ugumu wote ulikuwa kwenye kuelewa habari ya ukuta.

Hatua ya nne: fanya kazi kwenye karatasi, skrini ihukumu mwishoni

Fungua seti ya maswali sita hadi kumi, uyanakili yote daftarini, kisha ufunge data au uiweke simu kando. Utaratibu huu unaokoa bando, lakini sababu yake kubwa ni kwamba unakuondolea kishawishi cha kubofya ili kuona kama umepatia hatua ya kwanza. Yatatue yote kwa hatua kamili kama vile mhadhiri atayasoma, na karibu na kila jibu weka alama ndogo inayoonyesha una uhakika kiasi gani: uhakika kamili, nusu, au umebahatisha. Alama hiyo itakuwa na kazi baadaye.

Kabla ya kuwasilisha, kagua mwenyewe kwa namba. Ukisema derivativu ya x³ ni 3x², basi x ikiwa 2 inapaswa kuwa 12. Sasa tafuta 2.01³, ambayo ni 8.120601, toa 8, ugawanye kwa 0.01, upate 12.0601. Iko karibu na 12, kwa hiyo unaweza kuwa na imani. Ukaguzi huu unachukua dakika moja kwa kikokotoo cha kawaida, unakamata makosa mengi ya kanuni ya mnyororo (ile ya fanksheni iliyo ndani ya fanksheni nyingine) na ya alama za kutoa, na kwenye mtihani, ambapo hakuna skrini ya kukusahihisha, ndio msaada pekee utakaokuwa nao.

Kisha rudi mtandaoni na uwasilishe. Mashine ikikataa jibu, usibofye kidokezo. Rudi kwenye karatasi kwa dakika kumi na utafute mstari uliopotoka. Ukiupata mwenyewe, umejifunza zaidi ya ambavyo kidokezo kingekufundisha.

Uandishi wa jibu kwenye mashine una adabu zake, na inasikitisha kuona mtu anayejua hesabu akikataliwa jibu kwa sababu ya mabano. Ukiandika 1/2x, mifumo mingi itasoma nusu mara x. Kama ulikusudia moja chini ya 2x, andika 1/(2x). Ukiandika -3^2 utapata −9, kwa hiyo weka (-3)^2 ukitaka 9. Mraba wa sini ya x andika (sin(x))^2 ili usiache utata. Kipeo chenye vitu viwili kiwekwe kwenye mabano, kama e^(2x). Usiandike 3.14 mahali pa pi. Angalia pia logi: "log" kwenye tovuti moja ni ya kizio cha 10, kwenye nyingine, kama Wolfram Alpha, ni logi asilia. Mifumo mingi ina kitufe kinachokuonyesha jibu lako limesomekaje. Kitumie kila mara.

Hatua ya tano: daftari la makosa

Kama utafuata hatua moja tu ya mwongozo huu, naomba iwe hii. Nunua daftari dogo la pekee kwa ajili ya makosa. Kila swali ulilokosea linapata nusu ukurasa: upande wa kushoto unanakili swali na mstari ule ulioharibika, upande wa kulia unaandika mstari sahihi, na chini yake sentensi moja kamili inayosema ni kwa nini ulikosea.

Sentensi hiyo ndiyo yenye thamani, na ndiyo ngumu. "Nilikuwa na haraka" haikusaidii, kwa sababu haikuambii ufanye nini kesho. Tuseme ulitakiwa kutafuta derivativu ya (3x² + 1)⁵ ukaandika 5(3x² + 1)⁴. Sentensi inayofaa ni: "Nilishusha kipeo cha nje nikasahau kuzidisha kwa derivativu ya kilichomo ndani ya mabano, ambayo ni 6x, jibu ni 30x(3x² + 1)⁴." Ukiandika sentensi ya namna hiyo mara nne ndani ya wiki mbili, utajua kwa hakika ni tabia gani ya mkono wako inayotaka kurekebishwa. Wapo watakaogundua kwamba wanasahau C, ile namba isiyobadilika, mwishoni mwa intigrali isiyo na mipaka. Wengine, kwamba alama ya kutoa mbele ya mabano huishia kwenye kipande cha kwanza tu.

Hapa ndipo zile alama za uhakika zinapoingia. Swali ulilokosea huku ukiwa na uhakika kamili lipewe nafasi ya kwanza, kwa sababu linaonyesha kitu unachokiamini ambacho si kweli. Nalo swali ulilopatia kwa kubahatisha liingie daftarini kama vile umelikosa, hata kama mashine imeliwekea alama ya vema. Mwaka wangu wa kwanza nilikusanya vema kwenye sura nzima ya derivativu ndani ya siku moja, nikiwa nimeuacha mfano uliotatuliwa wazi pembeni, na kwenye jaribio la wiki iliyofuata sikujua pa kuanzia. Kubahatisha na kunakili vyote huzaa vema isiyo na mizizi.

Hatua ya sita: rudia kwa kuacha siku, na uchanganye mada

Tovuti nyingi hupanga maswali kwa mada: ishirini ya kanuni ya zao, kisha ishirini ya kanuni ya mnyororo. Mpangilio huo unafaa siku ya kwanza tu. Baada ya hapo unakudanganya, kwa sababu kichwa cha zoezi kinakuwa kimeshakuambia utumie kanuni gani, wakati kwenye mtihani kuichagua kanuni ndiko nusu ya kazi.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja hadi likaisha, ndipo likahamia jingine. Kundi la pili lilichanganyiwa maswali ya maumbo yote manne. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, kundi la kwanza lilishuka hadi asilimia 20, na lile lililochanganyiwa likapata asilimia 63. Namba hizi ningependa kila mwanafunzi azikumbuke jioni anapovunjika moyo kwa sababu zoezi la mchanganyiko limemshinda: kupata shida kwenye zoezi hakumaanishi kwamba hujifunzi.

Kuchanganya si kazi ngumu. Tumia mitihani ya sura na ya kozi nzima iliyomo kwenye tovuti kuliko zoezi la mada moja, au andika maswali ishirini ya mada tano kwenye vipande vya karatasi, yachanganye kwenye bahasha, na utoe matano kila jioni. Kila unapotoa swali, sema kwanza utatumia kanuni gani na kwa nini, kabla ya kushika kalamu. Kwa mfano, x² sin x ni zao la fanksheni mbili, kwa hiyo derivativu yake ni 2x sin x + x² cos x. Lakini sini ya x² ni fanksheni ndani ya fanksheni, na inataka kanuni ya mnyororo.

Makosa ya daftarini yarudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu, kila mara kwa kuomba swali jipya la aina hiyo lenye namba tofauti. Ukilipatia mara zote tatu bila msaada, lipige mstari.

Hatua ya saba: programu zinazotoa jibu zima

Photomath hupiga picha swali na kukuletea hatua zote, na Wolfram Alpha hutatua karibu kila derivativu utakayokutana nayo mwaka wa kwanza. Sisemi uzifute. Zitumie baada ya kuwa na jibu lako kamili kwenye karatasi, ili kulinganisha, au pale ambapo umekwama kwa zaidi ya nusu saa na hakuna mtu wa kumuuliza. Ukisoma hatua zilizotolewa, funga programu, subiri hadi kesho yake, na ulitatue swali lile upya bila kutazama. Kwa upande wa programu za maongezi zinazojibu maswali kwa lugha ya kawaida, kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu zinaweza kuandika hatua isiyo sahihi kwa sauti ya uhakika. Kila mstari upitie kwa ule ukaguzi wa namba. GeoGebra na Desmos, ambazo ni programu za kuchora grafu, nazitaja kwa furaha zaidi: chora fanksheni na derivativu yake kwenye grafu moja, uone jinsi derivativu inavyokata mstari wa sifuri pale ambapo fanksheni inageuka.

Kupanga wiki, na kuhamia kwenye mtihani

Dakika arobaini na tano kwa siku tano zinashinda saa nne za Jumamosi. Siku ya mhadhara, fanya maswali sita ya mada mpya. Siku zinazofuata, anza na makosa mawili ya daftarini, kisha maswali matano ya bahasha, kisha mada mpya. Siku moja kwa wiki iache kwa ajili ya diskasheni na wenzako watatu au wanne, ambapo kila mmoja anakuja na kosa moja la daftari lake na kulieleza ubaoni.

Diskasheni hiyo ina sababu yake. Mashine hizi kwa kawaida hukagua jibu la mwisho, na haziwezi kuhukumu vizuri uthibitisho au maelezo, wakati mhadhiri anagawa alama kwa hatua na anaweza kuuliza kwa nini fanksheni fulani ina mwendelezo kwenye nukta fulani. Uwezo huo hujengwa kwa kuandika na kusikilizwa na mtu. Kwa hiyo, wiki nne kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula, punguza mazoezi ya mtandaoni hadi nusu, tafuta mitihani ya miaka iliyopita ya chuo chako, na kila wiki ukae na mmoja kwa muda wake kamili, simu ikiwa chumba kingine. Ukimaliza, badilishana karatasi na mwenzako, kila mmoja asahihishe hatua za mwingine kwa kalamu nyekundu, na makosa yatakayopatikana yaingie kwenye daftari lilelile. Wiki ya mwisho usifungue mada mpya. Funika upande wa kulia wa daftari kwa karatasi, pitia kila mstari ulioharibika upande wa kushoto, na uuandike upya ulio sahihi.